Jina la Samaki wa Machipuko

Tafsiri ina mitego mingi, na miongoni mwayo hakuna unaonasa upesi kama majina ya viumbe. Mfasiri hodari huweza kukesha na methali ya kigeni hadi akaipatia mwenziwe katika Kiswahili. Lakini akabiliwapo na jina la mti asiowahi kukaa chini ya kivuli chake, au samaki asiyewahi kutolewa katika maji ya nchi yake, nadharia zote alizozisoma humwacha mikono mitupu. Hapo ndipo hubainika kwamba msamiati wa lugha yoyote ni kumbukumbu ya kazi za watu wake. Walichokivua walikipa jina. Wasichokivua hawakuwa na haja ya kukitaja.

Jambo hili lilimfika mwalimu mmoja kijana, Mkenya, aliyekwenda kusomesha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, nchini Marekani, ambako lugha hii imefundishwa kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwapo msichana aliyetoka kaskazini mwa jimbo hilo, kwenye misitu ya misonobari na maziwa yasiyohesabika. Msichana huyo aliandika insha kuhusu babu yake. Sentensi ya tatu ya insha ilisema kwamba kila mwisho wa Mei mzee huyo huingia ziwani kumvua "samaki jicho la ukuta". Mwalimu alicheka kwanza, kisha akaipigia sentensi hiyo mstari mwekundu na kuandika pambizoni maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa tafsiri anayafahamu: tafsiri sisisi.

Siku ya pili msichana alimfuata ofisini na karatasi yake mkononi.

"Mwalimu, kosa nimelikubali. Sasa nipe jina lililo sahihi."

Mwalimu hakuwa nalo. Alifungua kamusi moja, akafungua ya pili, akaziweka chini. Naye hakuwa mtu mgeni kwa samaki. Alizaliwa na kulelewa karibu na mahali ambapo Mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na karo yake ya shule ya upili ilitoka katika nyavu za babake. Ilimkera kwamba mtoto wa mvuvi, mwenye shahada mbili za Kiswahili, alikuwa ameshindwa na samaki.

Waingereza na Wamarekani humwita samaki huyo "walleye". Anayeisikia sehemu ya kwanza ya neno hilo hudhani kuna ukuta ndani yake, kumbe hakuna. Neno hilo lina asili katika lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya, na lilitumiwa kumweleza mnyama au mtu mwenye jicho lililopauka au lenye weupe usio wa kawaida. Ukuta uliingia baadaye katika masikio ya watu, kama ambavyo maneno mengi ya kukopwa hupewa asili ya uongo na wasemaji wasiojua yalikotoka. Wataalamu wa viumbe humwita Sander vitreus, na neno la pili la jina hilo la Kilatini humaanisha kitu cha kioo. Wakanada wasemao Kifaransa humwita kwa neno linalomaanisha aliyepakwa dhahabu, kwa sababu ya ubavu wake wa rangi ya zeituni iliyochanganyika na manjano. Baadhi ya Wakanada wasemao Kiingereza humpa jina ambalo kwingineko ni la samaki mwingine kabisa. Basi majina yote haya yanapigania kiungo kimoja au viwili vya mwili wake, na kinachoshinda aghalabu ni jicho.

Jicho hilo linastahili umaarufu wake. Nyuma ya mboni kuna utando unaorudisha mwanga, kama ule ulio katika jicho la paka, hivi kwamba mwanga hafifu hupita mara mbili katika sehemu inayoona. Samaki huyu kwa hiyo huona vyema penye utusitusi, wakati ambapo windo lake limeanza kupapasa. Ndiyo maana huwinda alfajiri na magharibi, au siku za mawingu ambapo upepo umeukunja uso wa ziwa na kuuzuia mwanga kupenya. Jua kali la adhuhuri humfanya ashuke kwenye kina au ajifiche.

Maisha yake huongozwa na barafu. Maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin hufunikwa na barafu kipindi chote cha baridi, na aghalabu huanza kufunguka mwezi wa Aprili. Maji yanapopata joto la nyuzi tano hadi kumi hivi za selisiasi, samaki hawa huelekea kwenye maji machache yenye mawe na changarawe, au hupanda mito. Madume hutangulia na kungoja. Majike hufika usiku, hutaga mayai kwa maelfu, na jike kubwa huweza kutaga laki kadhaa. Hakuna kiota kinachojengwa wala mzazi anayebaki kulinda. Yai hutumbukia kati ya mawe na kuachiwa majaliwa. Kufikia mwisho wa Mei kazi hiyo imekwisha. Wazazi wametawanyika ziwani wakiwa na njaa, wakifuata vidagaa kandokando ya magugu mapya yanayoota chini ya maji. Huo ndio msimu ambao mvuvi wa mshipi huungojea tangu theluji ya kwanza.

Mwanafunzi alimwalika mwalimu wake kwenda kumwona samaki huyo kwa macho yake mwenyewe, maadamu kamusi zilikuwa zimeshindwa. Safari ilichukua takriban saa nne kwa gari. Babu mtu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, mrefu na mkimya, alimpokea mgeni kwa mkono mgumu wa mtu aliyefanya kazi za msitu, akampeleka kwanza kukata leseni, kisha kununua chambo. Dukani mwalimu alipigwa na butwaa. Alikokulia yeye, ruba ni adui wa waogao mtoni na mama huwachunguza watoto miguu wakitoka majini. Hapa ruba walikuwa wakiuzwa kwa dazani ndani ya vikopo vya plastiki, na wateja walikuwa wakichagua walio hai zaidi. Mzee aliona uso wa mgeni wake na kutabasamu kwa mara ya kwanza.

Waliingia ziwani jioni katika mashua ya bati yenye mota ndogo, watatu wao. Zana zilikuwa chache: ufito mwepesi, mshipi mwembamba, ndoana iliyofungwa kichwa kidogo cha risasi, na ruba mmoja. Mzee alionyesha bila maneno mengi. Ndoana huachwa hadi iguse sakafu ya ziwa, huinuliwa kiasi cha shubiri, kisha hushushwa polepole. Mshipi sharti ukae taut kidogo tu, usilegee wala usivutwe kwa nguvu, kwa kuwa habari yote hupitia humo. Mwalimu alizoea hadithi za mbuta, samaki anayeivuta ndoana kana kwamba anaidai. Samaki huyu hakuwa na papara hiyo. Aliugusa mshipi kama mtu anayebisha hodi usiku akihofia kuwaamsha wenye nyumba, na asiyesikiza kwa vidole vyake hakujua kama amebishiwa.

Ilipata saa mbili na nusu usiku, saa ambayo Ziwa Victoria huwa limo gizani kwa muda mrefu, na huko jua ndilo kwanza lilikuwa likizama nyuma ya misonobari. Mwalimu alihisi hodi, akainua ufito, na baada ya mvutano mfupi akamtoa samaki wake wa kwanza. Alikuwa na urefu wa kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Pezi la mgongoni lilikuwa na miiba iliyosimama kama meno ya chanuo, na ncha ya chini ya mkia ilikuwa nyeupe. Mzee alimmulika kwa tochi ndogo. Jicho likarudisha mwanga kwa rangi ya fedha, likiwa pana, halitazami kokote. Mwanafunzi akamgeukia mwalimu wake, "Unaona? Hakuna ukuta."

Walipokuwa wakirudi, mzee alizima mota mbali kidogo na diko waliloteremshia mashua, akaiacha mashua itambae yenyewe. Alionyesha kwa kidevu mteremko wa saruji uliokuwa ukionekana kwa taa ya nguzo moja.

"Mwaka wa 1989," alisema, "pale palijaa watu usiku kucha. Polisi walikuwa na ngao."

Mwalimu aliuliza watu hao walikuwa wakitaka nini.

"Walikuwa wakiwapigia kelele Waojibwe waliokuja kuvua." Alinyamaza kidogo. "Nilikuwa miongoni mwao. Upande wa kelele."

"Ulisema nini, Mzee?"

"Nilisema waliyosema wengine."

Mjukuu wake aliyajua mengi kuhusu babu yake, ila hilo hakulijua. Hakuna aliyeongeza neno mpaka mashua ilipogusa saruji.

Ili kuuelewa uzito wa maneno hayo, sharti msomaji arudi nyuma sana. Kabla ya mshipi na mota, samaki huyu alikuwa akivuliwa na Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo, katika majira yaleyale ambapo hukusanyika kwenye maji machache kutaga. Walisimama katika mitumbwi ya magome ya mti wakiwa na mienge ya moto na vyusa vyenye meno kadhaa. Mwenge ulipoangaza majini, jicho la samaki liliurudisha mwanga, na mvuvi akajua pa kulenga. Wafaransa walioshuhudia uvuvi huo waliliita eneo moja Lac du Flambeau, yaani Ziwa la Mwenge, na kwa Kiojibwe mahali hapo huitwa Waaswaaganing, jina linalotokana na uvuvi huohuo wa mwenge. Wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria nao huvua kwa taa usiku usio na mwezi, ila kuna tofauti ya kutafakariwa. Omena huifuata karabai kwa hiari yake na kujipeleka wavuni. Samaki wa Waojibwe haifuati taa. Jicho linalomwezesha kuishi ndilo linalomsaliti.

Mnamo 1837, na tena 1842, Waojibwe walitia saini mikataba iliyoipa serikali ya Marekani ardhi kubwa katika maeneo ambayo leo ni Wisconsin, Minnesota na Michigan. Serikali ilitaka mbao za misonobari, na baadaye shaba. Mkataba wa 1837 uliwahakikishia wenyeji kwamba wangeendelea kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga wa mwituni katika ardhi na maji waliyoyatoa, ila kishazi kimoja kiliongezwa: kwa muda ambao ingempendeza Rais. Mnamo 1850 Rais Zachary Taylor alitoa amri ya kuifuta haki hiyo na kuwahamisha wenyeji kuelekea magharibi. Malipo yao ya mwaka yalihamishiwa Sandy Lake, Minnesota, ambako mamia walikufa kwa njaa, maradhi na baridi wakiwa wanangoja au wakiwa njiani kurudi makwao. Mkataba wa 1854 uliwatengea maeneo ya kudumu ya kuishi. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo, Mwojibwe aliyeonekana na chusa nje ya mipaka ya maeneo hayo alihesabiwa kuwa mwizi wa samaki.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1974, pale ndugu wawili wa jamii ya Lac Courte Oreilles walipovua kwa chusa nje ya mpaka huo, katika ziwa lililokuwa limeganda, wakakamatwa. Kesi ilifika mahakama za shirikisho. Mnamo 1978 jaji aliamua kwamba haki ile ilikwisha zamani. Mnamo 1983 Mahakama ya Rufani iliyoko Chicago iliupindua uamuzi huo na kusema kwamba haki ingali hai. Mwaka wa 1999, katika kesi nyingine iliyotoka Minnesota kuhusu mkataba wa 1837, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na Waojibwe kwa kura tano dhidi ya nne.

Mwanafunzi wa lugha anayesoma habari hizi hawezi kukosa kuliona jambo moja. Mahakama za Marekani zina kanuni ya kale kwamba mkataba na wenyeji hufasiriwa kwa namna ambayo wenyeji wenyewe waliuelewa walipoutia saini, wala si kwa werevu wa mwandishi aliyeushika wino. Mazungumzo ya 1837 yalifanywa kupitia wakalimani. Kwa hiyo swali lililobishaniwa na mawakili, miaka mia moja na nusu baadaye, lilikuwa swali la semantiki na pragmatiki: mkuu wa Kiojibwe aliyekuwa akimsikiliza mkalimani alielewa nini aliposikia kwamba angeendelea kuvua kwa muda unaompendeza Rais? Je, alielewa kwamba haki yake ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja asiyemjua, au kwamba ingedumu maadamu yeye na watu wake walikaa kwa amani? Haki ya watu wengi ilining'inia kwenye kishazi kimoja. Anayedharau somo la tafsiri na aiangalie kesi hiyo.

Ushindi wa mahakamani haukuleta utulivu ziwani. Kati ya 1987 na 1991, kila machipuko, umati wa watu ulikuwa ukikusanyika madikoni. Mawe yalirushwa, matusi ya rangi yalivurumishwa, na mabango yakatokea yaliyotaka wenyeji wachomwe chusa ili samaki wasalimike. Waliopiga kelele walisema kwamba samaki wangekwisha. Ilhali uchunguzi wa pamoja wa serikali na wenyeji, uliotolewa 1991, ulionyesha kwamba hali ya samaki ilikuwa nzuri na kwamba chusa hakikuwa kimeidhuru. Sehemu kubwa zaidi ya samaki hao ilikuwa ikitolewa na wavuvi wa mshipi. Fauka ya hayo, mvuvi wa chusa hupewa kibali cha usiku mmoja na kiwango maalumu, na anaporudi dikoni samaki wake huhesabiwa mmoja mmoja. Tume ya pamoja ya jamii za Waojibwe, iliyoundwa 1984, huendesha kazi hiyo hadi leo.

Asubuhi baada ya uvuvi, mzee huyo alipokuwa akiwapaa samaki uani, alirudia mazungumzo mwenyewe bila kuulizwa.

"Kila usiku walihesabiwa wao," alisema huku akiutenga mnofu na mifupa kwa kisu chembamba. "Hakuna aliyekuja nyumbani kwangu kuwahesabu wangu."

Mjukuu alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alimuuliza iwapo aliwahi kumwambia Mwojibwe yeyote maneno hayo. Mzee alisuuza kisu, akakipangusa, akasema kwamba bado. Kisha akaingia ndani kukaanga samaki. Nyama yake ni nyeupe, laini, isiyo na shombo, na mwalimu aliila akiwa na mawazo mengi.

Waojibwe humwita samaki huyu ogaa. Wakiwa wengi huwaita ogaawag. Mwalimu alipolipata jina hilo alifurahi kama aliyeokota dhahabu, na furaha yake ilizidi alipogundua kwamba Kiojibwe, kama Kiswahili, huyagawa majina kwa kuzingatia uhai. Kina majina ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai, na kitenzi hubadilika kulingana na kundi la jina. Samaki wamo katika kundi la uhai, sawa na samaki wa Kiswahili anavyodai upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake halibadiliki katika wingi. Jiwe nalo, katika Kiojibwe, limo katika kundi la uhai. Mwanafunzi wa sarufi aliyezoea kulichukua jiwe na kuliweka katika LI-YA bila kufikiri atapata hapo la kumkosesha usingizi.

Je, Kiswahili kinaweza kulichukua neno ogaa? Hakuna la kukizuia. Kiswahili cha Kenya kilipokutana na samaki wa Ziwa Victoria hakikuwasubiri wana kamusi. Kiliwachukua omena, mbuta, ngege na kamongo kutoka kwa Wajaluo waliokuwa wakiwavua, nacho Kiswahili cha Tanzania kikasema dagaa, sangara na sato. Leo mama wa Nairobi asiyejua neno jingine la Kijaluo husimama sokoni na kuagiza omena wa shilingi mia. Mwenye samaki ndiye mwenye jina. Atakaye samaki na achukue na jina lake. Ogaa huishia kwa irabu, hutamkika, na huingia katika ngeli bila kusukumwa: ogaa amevuliwa, ogaa wamevuliwa. Mwalimu aliirudisha insha ya mwanafunzi wake ikiwa na neno hilo juu ya mstari mwekundu.

Lakini jina lenyewe liliponea chupuchupu. Mnamo 1895 serikali ilifungua shule ya bweni huko Lac du Flambeau, mojawapo ya nyingi za aina yake nchini humo, ambako watoto wa wenyeji walitenganishwa na wazazi na kukatazwa lugha yao. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kunena lugha ya mama hahitaji kuelezwa zaidi. Wasemaji wa Kiojibwe katika eneo hilo walipungua hadi wakabaki wazee wachache, na leo jamii zao zinajitahidi kukirudisha, zikiwemo shule zinazowasomesha watoto kwa lugha hiyo tangu siku ya kwanza darasani. Haki ya kuvua iliokolewa mahakamani kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Majina ya samaki, ya mawe ya kutagia, ya mwezi ambao barafu huvunjika, hayakuwa na karatasi ya kuyatetea. Yalikuwa vinywani mwa watu, na mdomo ukifumbwa yaliyomo huzikwa.

Na sasa hata samaki mwenyewe hana uhakika. Maji ya maziwa mengi ya Wisconsin yanazidi kupata joto, na joto hilo huwafaa samaki wengine kuliko ogaa. Katika ziwa kubwa la Mille Lacs, jimboni Minnesota, idadi ya ogaa ilishuka kiasi kwamba Agosti 2015 jimbo liliwakataza wavuvi wa mshipi kuwachukua. Sheria, lugha na samaki hutegemeana kuliko inavyodhaniwa: haki ya kumvua samaki aliyekwisha ni karatasi tupu, na jina la samaki asiyevuliwa tena hudumu kizazi kimoja au viwili.

Fikra hizo zilimrejesha mwalimu kwao. Ziwa Victoria lina samaki aitwaye ningu, ambaye mvua za masika zinaponyesha na mito kufurika huiacha maji ya ziwa na kupanda mtoni kutaga. Zamani mto Nzoia ulikuwa na uvuvi mkubwa wa ningu kwa migono na nyua za matete. Kisha zikaja nyavu za viwandani zilizotegwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa wazazi kabla hawajataga, na kufikia miaka ya sitini ya karne iliyopita uvuvi huo ulikuwa umeporomoka. Mwalimu alilijua jina la ningu kama ajuavyo mtu jina la babu wa babu yake. Hakuwahi kumwona kwenye sahani.

Alimpigia babake simu. Mzee huyo sasa hashuki tena ziwani. Mtoto wa jicho amemfanya aujue usiku na mchana kwa joto la jua. Alidhani mwanawe ana shida ya pesa.

"La, Baba. Nataka unitajie maneno ya kazi yako."

"Maneno gani, mwanangu?"

"Yote. Ya nyavu, ya upepo, ya ningu."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, mwalimu akadhani simu imekatika. Kisha babake akaanza. Alitaja pepo kwa saa zinapovuma. Alitaja sehemu za mtumbwi, sehemu za mgono, na rangi za maji mto unapoleta tope. Mara kwa mara alisimama na kusema kwamba hilo alilijua, limemtoka, litarudi. Mwalimu aliandika kwa lugha ya nyumbani upande wa kushoto na kujaribu Kiswahili upande wa kulia. Upande wa kulia ulikuwa na mapengo mengi, na baadhi yake yalimshangaza, kwa kuwa wavuvi wa pwani wana maneno yake wala hayakosi kamusini, ila yeye hakuwahi kufundishwa. Alikuwa amesoma tendi za Lamu na tamthilia za Nairobi. Hakuna mtihani uliowahi kumuuliza chubwi ni nini.

Tangu hapo humpigia babake kila Jumapili. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina wanachama kutoka kila pembe ya Kenya: Turkana, Baringo, Naivasha, Lamu, Vanga, Mbita. Kila mmoja wao ana mzee anayejua la kumwambia, na likizo huwa ndefu kuliko kazi iliyopo. Daftari, kalamu na subira vyatosha kuanzia.

Daftari la mwalimu limefika ukurasa wa arubaini. Kuna mstari mmoja ambao ungali wazi pande zote mbili. Ni jina ambalo wavuvi wa Nzoia walimwita ningu mchanga anaposhuka mtoni kwa mara ya kwanza kuelekea ziwani. Babake anakumbuka kwamba jina lilikuwapo, na kwamba lilikuwa fupi. Ameahidi kumuuliza mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, iwapo yu hai.